Udongo Ulitupwa Upande Gani

Warumi walipofika Uskoti walijenga ukuta wa udongo na majani kutoka bahari hadi bahari, wakachimba handaki mbele yake, wakakaa nyuma yake miaka kama ishirini, kisha wakaondoka. Himaya ndivyo zilivyo. Hukusanya mikono ya watu wengi kujenga kitu, na hukichoka kabla hakijaota majani vizuri. Nyuma ya ukuta ule, mahali pasipo na jina la kujivunia, waliacha viboma vidogo vya mraba, kila kimoja kikiwa na handaki lake jembamba, kila kimoja kimeegemea ukuta kama ndama aliyeegemea ubavu wa mama yake. Ndani yake hakukupatikana kitu. Jiko hakuna, sakafu hakuna, hata kigae cha chungu hakuna. Wasomi wamebishana juu ya viboma hivyo mpaka wengine wamekufa na ubishi wao, na hadi leo hakuna anayejua vilikuwa vya kazi gani.

Kangethe alivifahamu kwa sababu alikuwa askari wa mlangoni katika jumba dogo la makumbusho jijini Toronto, na jumba hilo lilikuwa limerithi sanduku la michoro. Mwenye michoro alikuwa mhandisi aliyechimba huko Uskoti enzi za ujana wake, akahamia Kanada, akazeeka, akafa. Watoto wake hawakujua wafanye nini na sanduku, wakalileta makumbusho kama watu wanavyopeleka nguo za marehemu msikitini. Sasa yalikuwa yakiandaliwa maonyesho: michoro ukutani, vibao vya maelezo chini yake, na katikati ya chumba mfano wa kiboma kimoja, cha tatu katika michoro ile, uliotengenezwa kwa jasi, mkubwa kiasi cha meza ya watu wanane.

Kangethe alikuwa na umri wa miaka sabini na sita. Angeweza kukaa nyumbani, lakini nyumbani kwake ni ghorofa ya kumi na nne pale zinapokutana barabara za Jane na Finch, ambako lifti hufanya kazi inapojisikia, na mtu aliyezoea kugombana hapendi kukaa mahali ambapo wa kugombana naye ni lifti peke yake. Aligombana maisha yake yote. Aliondoka Nairobi mwaka wa themanini na saba na begi moja, kwa sababu ya karatasi alizokuwa akizisambaza, ambazo serikali ya wakati ule haikuzipenda. Toronto aligombana na wenye majumba kwa ajili ya wapangaji, akagombana na ofisi za uhamiaji kwa ajili ya wageni, na aliandikia magazeti barua ambazo hazikuchapishwa. Nakala zake alizihifadhi zote, na tarehe. Alikuwa hasahau. Ukimkosea mwaka wa tisini na tatu, alikukumbusha mwaka wa ishirini na tatu, na alitaja hata hali ya hewa ya siku hiyo.

Lakini Wakenya wa Toronto walimjua kwa jambo moja zaidi ya mengine. Kila Oktoba, siku ya kuwakumbuka mashujaa, walikodi ukumbi wa shule, na Kangethe ndiye aliyesimama mbele kusimulia kijiji cha Hali ya Hatari. Vijana wengi waliozaliwa Kanada hawakuwahi kusikia. Aliwaeleza jinsi Waingereza, walipokuwa wakipigana na Mau Mau msituni, walivyowang'oa Wakikuyu kutoka kwenye matuta yao na kuwasonga pamoja ndani ya vijiji vilivyozungushiwa handaki, na ndani ya handaki vijiti vilivyochongwa ncha, na lango moja, na mnara wa walinzi. Handaki lilichimbwa na wanawake, kwa filimbi. "Tulilala watu kumi na mmoja katika nyumba moja," alisema kila mwaka. "Mama alichimba na mtoto mgongoni. Mimi ni mtoto wa handaki." Ukumbi ulilia. Katika safu ya tatu aliketi Wangeci, mwanamke wa miaka themanini na moja, mkono wake juu ya sufuria ya irio aliyoileta, macho makavu.

Sasa turudi makumbusho, Jumatatu moja ya mwisho wa Agosti, saa ya chakula.

Watu watatu walikuwa wakizungumza Kiswahili katika jumba lile, na kila mmoja alikuwa na chake. Kangethe alikuwa na cha Murang'a kilichopitia Nairobi. Gaël, fundi wa mifano, alikuwa na cha Bukavu, Kongo. Na Sakeena, binti wa miaka ishirini na minne, mwandishi wa vibao vya maelezo kwa mkataba wa miezi sita, alizaliwa hapa hapa Toronto katika familia ya Makhoja wa Tanga wanaoishi mtaa wa Thorncliffe Park. Cha kwake alilishwa na bibi yake, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha bikizee kikitoka kinywani mwa msichana aliyevaa raba na mtandio wa kijani.

"Mzee Soja!" Gaël aliita kutoka karakana ya chini. "Njoo uone huyu muzungu wako namna alikuwa mulevi."

"Mzungu wangu tangu lini?"

"Si ni wewe unamulinda kila siku?"

Kangethe aliteremka ngazi na chupa yake ya chai. Juu ya meza kulikuwa na kiboma cha udongo wa mfinyanzi, bado kibichi, na pembeni mchoro wa mhandisi umefunikwa kwa karatasi ya plastiki. Sakeena alikuwa ameinama juu yake akila mkate wa nyama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Kangethe alikuwa amejifunza kujibu. Kwao haikuwa desturi, lakini binti huyu asingemwacha apite bila kuitikia. "Ulevi uko wapi?"

"Tazama," Gaël alisema. Alichukua kijiti akaonyesha. "Boma zote za hawa Baroma, wanachimba shimo, udongo wanatupa kwa ndani. Adui akikuja anakuta shimo kwanza, halafu kilima, na wewe uko juu ya kilima unamungojea. Ni akili. Bon. Huyu bwana, kwa hii ya tatu, ameandika udongo uko inje. Shimo liko ndani. Kinyume! Chef, musimamizi wetu, anasema huyu bwana alikuwa kijana, alichoka, aligeuza mchoro. Nifanye kama zingine. Alhamisi namimina jasi, na jasi haina pole."

"Na kibao?"

Sakeena alimeza. "Msimamizi anataka niandike yamkini ni mazizi ya ng'ombe."

Kangethe aliweka chupa chini. Alivaa miwani, akauinamia mchoro muda mrefu kiasi kwamba Gaël alianza kupiga mluzi. Mwishowe alisema, "Mchoro uko sawa."

"Eeh?"

"Kwani wewe umefuga? Ng'ombe gani anachimbiwa shimo kwa ndani? Ndama akitumbukia, amevunjika mguu, umekula hasara. Mfugaji hata mjinga hawezi." Alichukua kijiti mkononi mwa Gaël. "Handaki likiwa nje ya tuta, unamzuia anayekuja. Likiwa ndani, unamzuia anayetoka. Aliyemo ndani, akitaka kutoroka, anashuka kwanza shimoni. Akipanda anakutana na udongo mbichi unaomporomokea. Na juu ya udongo anatembea mlinzi, miguu mikavu. Hili si zizi. Hapa waliwekwa watu."

Sakeena alikuwa ameshatoa daftari.

"Na hii kona," Kangethe aliendelea, maana akishaanza huwa hasimami, "hii iliyokatwa kidogo. Usiinyooshe. Hapo palikaa mnara. Mnara ukiwa konani, mtu mmoja anaona pande mbili bila kugeuza shingo. Na lango linatazamana nao. Vivyo hivyo, kabisa. Ungedhani aliyechora kwetu alisoma kwa aliyechora huku."

Gaël aliacha mluzi. Alizunguka meza, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ukingo wa udongo, akatazama kama mtoto anayechungulia chini ya kitanda.

"Mzee," alisema, na hakuwa na nia mbaya hata kidogo, "kutoka huku ndani mi naona shimo na kilima, basi. Kona siioni. Mulinzi juu ya kilima, naona kichwa yake tu. Na wee ulikuwa mutoto, ndani. Hii kona kwa inje, hii juu ya kilima, uliionea wapi?"

"Watoto huzurura," Kangethe alisema.

Alichukua chupa yake, akapanda ngazi dakika kumi kabla ya muda wake wa mapumziko kwisha. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Dakika za wafanyakazi alikuwa akizipigania kwa maandishi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Kangethe ilikuwa imechukua zaidi ya miaka thelathini.

Baba yake alikuwa ngati. Ndivyo watu walivyowaita Wakikuyu waliobeba bunduki za mkoloni na kuwalinda Wakikuyu wenzao. Familia ya ngati haikulala ndani ya kijiji. Ililala katika kituo kilichokuwa ubavuni mwa kijiji, na kituo kilikuwa na mabati juu, na unga. Siku nyingine baba yake alimbeba mabegani akapanda naye mnarani. Kutoka pale kijiji kilikuwa mraba safi, mapaa yamepangwa mistari, na kuzunguka mapaa ule utepe wa udongo mwekundu uliotupwa nje, unang'aa kwa unyevu. Wanawake walisimama handakini kwa safu, majembe yakipanda na kushuka. Baba aliwahesabu asubuhi na aliwahesabu jioni, na mtoto alihesabu pamoja naye. Kangethe alijifunza kuhesabu hadi mia kwa vichwa vya watu.

Baadaye, alipokua, aliijua aibu ya jambo hilo, na aibu hiyo ndiyo iliyomfanya mgomvi. Tusimnyime haki yake. Karatasi alizosambaza Nairobi zilikuwa za kweli, na waliomsaka walikuwa polisi wa kweli. Lakini mwaka wa tisini na mbili, Wakenya wachache wa Toronto walipomwomba aseme neno juu ya Hali ya Hatari, alisimulia habari za "watu wa vijiji". Mwaka uliofuata Wangeci, ambaye alitoka kijiji kingine, upande wa Nyeri, alimsimulia ya kwao akikaanga vitunguu: watu kumi na mmoja, mtoto mgongoni, filimbi. Oktoba ile Kangethe aliyaweka katika hotuba. Kwanza yalikuwa ya mwanamke mmoja. Halafu ya wenzetu. Halafu mwaka mmoja, bila siku yoyote ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole, yakawa yake. Wangeci hakusema kitu. Aliendelea kuleta irio.

Jumanne Sakeena alipeleka hoja kwa msimamizi wa maonyesho. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza, akasema ni jambo zito, na kwamba ushahidi wa mtu aliyeona kitu kinachofanana unaweza kuingia katika kumbukumbu za makumbusho, mradi ajaze fomu: jina, mahali, mwaka, alichokiona, na alikuwa amesimama wapi alipokiona. Ikipatikana na sahihi kabla ya Alhamisi, mfano utamiminwa kama mhandisi alivyochora na kibao kitabadilishwa. Isipopatikana, udongo utarudi ndani na kibao kitasema mazizi. Fomu ilikuwa ukurasa mmoja. Fomu huwa hazina ubaya wowote, ndiyo maana zimeua watu wengi.

Sakeena alimfuata mlangoni, alipokuwa amesimama na kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia wageni.

"Babu, nimekujazia yote. Umebaki mstari huu mmoja."

Kangethe aliusoma. Alibonyeza kidude, mara mbili, kwa mume na mke waliokuwa wakiingia. "Andika kijijini."

"Kijijini wapi? Watauliza kama alivyouliza Gaël. Juu ya tuta ulipaonaje?"

"Wewe andika tu. Hao hawajui tuta ni nini."

"Mimi najua, umenifundisha jana." Alisubiri wageni wapite. "Bibi yangu husema mtu akikupa jibu fupi, refu amelikalia."

"Bibi yako ana maneno."

"Anayo. Nyumbani kwetu, babu, kila mwaka tunasimuliwa siku serikali ilipoichukua nyumba yetu ya Tanga. Naijua hadi rangi ya milango. Mwaka jana nikamwuliza bibi, yaya na mlinzi wa nyumba ile walilala wapi? Akaweka kikombe chini. Halafu akasema, chini ya ngazi. Nyumba ya vyumba tisa." Alicheka kidogo, bila furaha. "Sasa ndiyo naiona nyumba yenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa naiona milango tu."

Kangethe alikunja fomu, akaitia mfukoni mwa koti la kazi.

"Nitakuletea kesho mchana," alisema.

Jumatano asubuhi haikuwa zamu yake. Alivuka uwanja wa magari mpaka jengo la pili, akapanda kwa miguu ghorofa sita, akabisha. Wangeci alifungua akiwa na kisu mkononi na kiazi kilichomenywa nusu.

"Kangethe. Umefiwa?"

"La."

"Basi ingia. Uso huo umenitisha."

Aliketi kwenye kiti cha jikoni. Wangeci aliwasha jiko la chai, akarudi kwenye viazi vyake. Kangethe alikuwa amepanga maneno ngazini, yenye utangulizi na mambo ya kihistoria, kama desturi yake. Yote yalimtoka.

"Baba yangu alikuwa ngati," alisema.

Kisu kiliendelea. Ganda lilishuka refu, halikukatika.

"Wa kijiji gani?"

Akamtajia.

"Si chetu."

"Si chenu."

"Alipiga watu?"

"Nilimwona akipiga. Sijui wangapi."

Wangeci alitia kiazi kwenye maji, akachukua kingine. "Nilidhani hivyo," alisema. "Nakusikiliza. Miaka yote unasema handaki, handaki, na vijiti vilivyochongwa ncha. Lakini mtoto wa ndani angesema harufu. Sisi handaki lilikuwa choo, lilikuwa jalala. Wewe hujawahi kusema harufu hata siku moja."

Chai ilipanda, akaizima kabla haijafurika. Hakumimina.

"Nyumbani kwenu mlilala wangapi?"

"Wanne."

"Ile ya kumi na mmoja ni ya kwetu."

"Najua."

"Niliiacha kwako kwa sababu mimi sijui kusimama mbele za watu. Nikasema wacha aibebe, ana sauti." Alikaa mkabala naye sasa, kisu juu ya meza. "Kangethe, nikuulize kitu. Usinipe siasa."

"Uliza."

"Mama alikuwa na mtoto wa kunyonya, ndugu yangu wa mwisho. Filimbi haikuruhusu kunyonyesha. Basi alikuwa anashuka chini kabisa ya handaki, pale pembeni, anainama kama anayetoa jiwe, anampa ziwa. Muda mfupi tu. Alituambia pale hawatuoni. Mpaka anakufa alikuwa anasema hivyo na anacheka: niliwashinda pale, pale hawakuniona." Alimtazama. "Kutoka kule juu, chini ya handaki, mtu akiinama. Mlipaona?"

Hapa Kangethe angeweza kusema lolote. Hakuna mtu mwingine Toronto nzima, pengine duniani kote kwa sasa, ambaye Wangeci angeweza kumwuliza. Waliobaki wamekufa, au wako vijijini wakiwaambia wajukuu kwamba walikuwa wa ndani.

"Tulipaona," alisema. "Mnara uliwekwa konani kwa ajili ya hapo."

Wangeci aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa.

"Basi walimwona."

"Huenda walimwona wakanyamaza."

"Huenda." Alichukua kisu. "Au alikuwa anawafurahisha wakimtazama."

Alimenya viazi viwili vizima. Kangethe hakuambiwa aende wala akae. Alipoinuka, Wangeci alisema akiwa amempa mgongo, "Oktoba nitasema mwenyewe. Hiyo hadithi niachie."

"Sawa."

"Na chai usiiache, nimeshaipika."

Akainywa amesimama, ikamuunguza ulimi.

Kwenye basi la kuelekea stesheni alitoa fomu, akaiweka juu ya goti, na mahali palipoulizwa alikuwa amesimama wapi aliandika kwa herufi kubwa, maana basi lilikuwa linatikisika: JUU YA MNARA, MABEGANI MWA BABA YANGU, ALIYEKUWA MLINZI. Mstari haukutosha, neno la mwisho likapanda pembeni ya karatasi. Akatia sahihi na tarehe.

Sakeena aliisoma mlangoni. Akaisoma tena.

"Babu—"

"Peleka. Jasi haina pole."

Alhamisi Gaël alimimina. Udongo nje, handaki ndani, kona imekatwa. Alipomaliza alifuta mikono akamsogelea Kangethe. "Mi sikujua swali langu liko na mwiba," alisema.

"Lilikuwa swali zuri. Ungeuliza miaka thelathini iliyopita."

"Miaka thelathini nilikuwa na miaka mitatu, papa."

"Hiyo si sababu."

Kibao kilichukua wiki mbili. Sakeena aliandika kwamba yawezekana viboma vilitumika kuzuilia watu. Msimamizi akaongeza mifugo. Sakeena akaomba watu watangulie. Barua zikaenda na kurudi kati ya chumba na chumba kilicho mkabala, na hatimaye kilichotundikwa kikasema matumizi hayajulikani, yawezekana yalikuwa ya kuzuilia mifugo au watu. Mifugo ikatangulia. Fomu ya Kangethe iliwekwa ndani ya faili, faili ndani ya sanduku, sanduku ndani ya kabati lenye namba, na yeyote anayetaka anaweza kuomba kuiona siku za kazi. Mpaka maonyesho yanafungwa hakuna aliyeomba. Wageni waliuzunguka mfano, watoto wakaambiwa wasiguse, na mlinzi aliyekuwa akiwaambia alikuwa yeye.

Oktoba ilifika. Ukumbi ulikuwa ule ule wa shule, viti vya plastiki, bendera imebandikwa kwa utepe juu ya ubao wa mpira wa kikapu. Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba mwaka huu Mzee Kangethe hasemi, na watu walitoa sababu zao: moyo, sukari, ameudhiwa na kamati. Vijana wawili walimwuliza uso kwa uso. Aliwaambia wasubiri.

Hakuketi. Miaka ya kazi ilikuwa imemzoesha kusimama mlangoni, akasimama hapo, mkono mmoja mfukoni.

Wangeci alipanda mbele na karatasi, akaikunja bila kuisoma. Sauti yake ilikuwa ndogo, mtu wa kipaza sauti akakimbia kukisogeza karibu na mdomo wake. Hakusema mimi ni mtoto wa nini. Alianza na harufu. Alisema nyumba ilikuwa na watu kumi na mmoja, akawataja kwa majina mmoja mmoja, na hilo Kangethe hakuwahi kulifanya kwa sababu hakuyajua. Alisema mama yake alikuwa akiinama chini ya handaki kumnyonyesha mtoto, na alikufa akiamini hakuonekana.

"Mwaka huu nimeambiwa alikuwa anaonekana," alisema. "Sijui nifanye nini na jambo hilo. Nimeona niwaambie na nyinyi, nisilibebe peke yangu. Aliyeniambia alikuwa mtoto, juu mnarani. Amesimama mlangoni."

Mfukoni mwa koti, kidole gumba cha Kangethe kilikuwa kikibonyeza kitu kisichokuwepo. Alikuwa amefika tisini na nne alipogundua kwamba tangu watu waanze kuingia alikuwa anahesabu. Mbele yake vichwa vikaanza kugeuka, safu baada ya safu, vikawa nyuso, na hesabu ikampotea.

"Nani?" mtu mmoja wa mbele aliuliza, ambaye hakuwa ameona vizuri. "Ni nani?"

Kangethe alitoa mkono mfukoni, akaunyoosha juu.